Akaunti ya bima ya kazini imekataa kufunguka na mtoto ni mgonjwa, nianzie wapi?

MamaAmani_Pipeline

Habari zenu wapendwa, nisaidieni na hii maneno manake nimechoka na sijui tena nimuulize nani. Nafanya kazi Industrial Area hapa Nairobi, niko upande wa stoo, huu ni mwaka wangu wa tano. Mwezi uliopita kampuni ilihamia bima nyingine ya matibabu, tukaambiwa kadi za zamani hazifanyi tena, kila mfanyakazi atatumiwa linki kwa imeili afungue akaunti yake mwenyewe, huko ndani ndiko utaona kava yako, hospitali unazoweza kwenda na majina ya familia.

Linki nilipata. Nikiifungua inaniuliza nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, naweka, inasema taarifa hazilingani. Narudia pole pole kitambulisho nimekishika mkononi, hazilingani. Mara ya tatu ikajifunga, ati nijaribu tena baada ya saa 24. Kesho yake hivyo hivyo. Nimejaribu kwa simu yangu, nikajaribu kwa kompyuta ya supavaiza, ni yale yale. Kubonyeza umesahau paswadi ndo kabisa haisaidii kwa sababu hata sijawahi kuwa na paswadi.

Sasa kilichoniuma ni Jumamosi usiku. Mtoto wangu mdogo wa miezi saba alishikwa na homa, tukampima 39.4, tukatoka mbio na baba yake saa tano usiku. Pale kaunta wakaweka nambari yangu ya kitambulisho, dada akaniambia namba za kuthibitisha zimetumwa kwa simu, nizisome. Nikangoja. Simu yangu iko mkononi, hakuna kitu. Nikamwomba aangalie zimeenda wapi akaniambia zimeenda kwa nambari inayoishia na 64. Hiyo laini mimi niliipoteza Muthurwa 2022 pamoja na simu! Na zaidi ya hapo akasema mtoto hata haonekani kwa orodha, anaona mimi na mzee na Amani, yule mtoto mkubwa, peke yake. Tulilipa 4,300 tulizokopa kwa shemeji usiku huo huo. Mtoto yuko sawa sasa, ilikuwa sikio, Mungu ni mwema.

Na tena kuna hii SHA, bima ya afya ya serikali, nakatwa 1,045 kila mwezi, iko kwa peislipu. Je, ni akaunti hiyo hiyo moja ama ni kitu tofauti? Nianzie wapi jamani, na zile pesa zitarudi kweli?

Kevo_Umoja

Pole sana mama. Yangu pia ilikataa mwaka jana nikaenda kwa saiba, hizi duka za intaneti, hapa mtaani, jamaa akafungua kwa mia moja tu. Unampea kitambulisho, zile namba zikiingia kwa simu unamsomea, dakika kumi umetoka. Jaribu hivyo.

Karani_wa_Mishahara

Dada pole, na kwanza acha kujaribu kuingia. Kila ukirudia inajifunga tu na tatizo haliko kwako wala kwa simu yako, liko kwa faili ambayo ofisi yenu ilituma kwa bima. Mimi ndo hutengeneza hizo faili kwa kampuni yetu kwa hivyo naongea kitu nakijua, na niseme ukweli imewahi kunitokea mimi mwenyewe na nikaomba watu msamaha mmoja mmoja.

Hivi ndo inaenda. Kampuni ikihamia bima mpya, HR, ile ofisi ya wafanyakazi, wanajaza orodha ya wafanyakazi wote na familia zao kwa Excel, wanaituma, bima wanaimwaga kwa mfumo wao. Ile akaunti unafungua haijui kitu kingine isipokuwa kile kilichoandikwa kwa ile faili. Sasa kama kompyuta ya HR imewekwa tarehe za Kimarekani, mwezi ukitangulia siku, Excel inageuza tarehe bila kukuambia. Mtu aliyezaliwa tarehe 7 mwezi wa 3 anakuwa amezaliwa tarehe 3 mwezi wa 7. Wewe unaweka ile ya ukweli, mfumo unalinganisha na ile iliyogeuzwa, unakataa. Ndo maana utapata nusu ya watu ofisini wameingia vizuri na nusu wamekwama na hakuna mtu anaelewa, manake aliyezaliwa tarehe 4 mwezi wa 4 hata ikigeuzwa haibadiliki.

Na mtoto naye, hebu niambie, alizaliwa tarehe 13 kuendelea? Kwa sababu hizo Excel haiwezi kuzigeuza, hakuna mwezi wa 13, kwa hivyo inaziacha kama maandishi tu. Mfumo wa bima ukikuta maandishi mahali pa tarehe unaweza kuikataa hiyo laini nzima, yaani mstari wake wote kwa faili, mtoto anaachwa nje na HR hata hajui, yeye anajua alimwandika.

Simu ndo rahisi kueleza, walichukua kwa fomu uliyojaza siku ya kuajiriwa. Wengine nao sifuri ya mbele inapotea, Excel inaona ni hesabu inaitoa, inabaki tarakimu tisa na meseji haiendi popote.

Cha kufanya: usiende kwa bima kwanza, nenda kwa HR. Usiseme akaunti imekataa, watakuambia ujaribu tena kesho. Sema hivi, naomba nione laini yangu kwa faili mliyotuma, mimi na wategemezi wangu wote. Soma nao tarehe moja moja kwa sauti. Kuomba data yako isahihishwe ni haki yako, iko kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sio fadhila. Halafu uandike imeili hata kama mmeongea ana kwa ana, weka picha ya kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ili kuwe na tarehe ya siku ulisema.

Nasra_Kaunta

Mimi nimekaa kaunta ya hospitali miaka sita na hii ya mama Amani naiona karibu kila zamu ya usiku, na inaniuma kila mara kwa sababu mzazi anakuangalia wewe kama ndo umemkatalia mtoto. Sisi kwa skrini tunaona jina, hali ya kava, kiasi kilichobaki na tarakimu mbili za mwisho za simu, basi. Hatuwezi kubadilisha nambari, hatuwezi kuongeza mtoto, hata tukitaka. Bima ndo wanaweza, na usiku dawati lao la simu mara nyingi wanathibitisha tu mwanachama, mabadiliko ya majina wanangojea barua ya mwajiri.

Lakini siku nyingine ukikwama hivyo omba dada wa kaunta apigie bima ukiwa hapo hapo. Kama wewe uko kwa mfumo na shida ni meseji tu haijafika, mara nyingine wanakubali kukuthibitisha kwa njia nyingine, kitambulisho na maswali. Kwa mtoto ambaye hayuko kabisa hapo ni ngumu.

Pesa zako usiziache. Tafuta risiti ya hospitali yenyewe, meseji ya M-Pesa haitoshi, karatasi ya daktari inayosema ugonjwa, na ile ya dawa ikionyesha kila dawa na bei. Kama hukupewa zote rudi hospitali uombe, wako nazo kwa mfumo, ni kuprintiwa tu. Uliza HR fomu ya kurudishiwa pesa na uulize mwisho ni siku ngapi tangu siku ya matibabu, hiyo kila bima iko na yake kwa mkataba na ikipita hawasikii neno. Kwa hivyo ukienda HR kesho beba na hizo karatasi.

Na wewe @Kevo_Umoja tafadhali usiwaambie watu hivyo. Yule jamaa wa saiba amebaki na nambari ya kitambulisho chako, huenda paswadi yako imebaki kwa brauza ya mashine yake, na kama aliandika imeili yake ama simu yake akifungua, hiyo akaunti ni yake sio yako. Mwaka jana alikuja mama kwetu akaambiwa kava ya matibabu ya bila kulazwa imeisha na hajaugua hata siku moja tangu mwaka uanze. Alilia pale mbele yangu.

Kevo_Umoja

Dada Nasra nimeskia. Kusema kweli sikufikiria hivyo. Nimeingia sai nikaangalia na kweli imeili iliyoandikwa sio yangu, siijui. Nafanyaje?

Nasra_Kaunta

Badilisha paswadi sasa hivi kutoka kwa simu yako mwenyewe, ubadilishe hiyo imeili, halafu ufungue mahali pa historia ya matibabu usome kila ziara. Tarehe, hospitali, kiasi. Ukiona ziara sio yako piga bima leo leo na umwandikie HR.

Karani_wa_Mishahara

Swali la SHA tulilisahau. Dada hizo ni akaunti mbili tofauti kabisa. SHA ni ya serikali, ilichukua mahali pa NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, kwa hivyo hiyo 1,045 yako ni ya mshahara wa 38,000, piga hesabu uone kama inaingiana. Mwajiri anatakiwa awe ameiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hiyo akaunti unaifungua kwa mtandao wa Afya Yangu ama kwa kupiga *147#, na huko watoto unawaandika wewe mwenyewe, hawaletwi na HR wako. Ile ya kazini ni bima ya kampuni binafsi, inakaa juu ya hiyo.

Watu wanadharau SHA wakiwa na bima ya kazini, mimi nawaomba msifanye hivyo. Bima nyingi za kazini zinataka SHA iwe iko sawa ukilazwa, sehemu ya bili inatoka huko kwanza. Ikiwa haijakamilika hilo pengo linaweza kukurudia wewe kitandani.

MamaAmani_Pipeline

Jamani nimerudi. Jumatatu niliingia HR na karatasi zangu zote kwa bahasha, nikasema vile mliniambia, naomba nione laini yangu. Yule dada mwanzoni alisita kidogo halafu akafungua. Nilizaliwa tarehe 7 mwezi wa 3, na kwa faili nilikuwa nimezaliwa tarehe 3 mwezi wa 7! Karani ni kama uliniona. Mzee wangu ni tarehe 11 mwezi wa 5, yeye amekuwa wa Novemba. Na mtoto ni tarehe 19 mwezi wa 11, kwa faili ya HR yuko, lakini kwa ile orodha bima waliwarudishia hayuko, na hakuna mtu alikuwa ameangalia hizo orodha mbili pamoja. Tukahesabu na yeye tukapata watoto 14 wameachwa nje kwa kampuni nzima, wote wamezaliwa kuanzia tarehe 13. Yule dada alinyamaza akashika kichwa. Hakuna mtu alikuwa amejua, na wazazi wao wako huko chini kwa mashine wanafikiria watoto wana bima.

Niliandika imeili hiyo hiyo siku nikiwa nimekaa hapo mbele yake.

Kitu kimoja kinanisumbua bado. Ile laini ya 64, kama kuna mtu anaitumia sai, si zile namba za Jumamosi zilimfikia yeye?

Karani_wa_Mishahara

Dada Mungu akubariki kwa hao 14.

Ndio, laini isipotumika muda mrefu kampuni za simu huiuza tena, kwa hivyo inaweza kuwa kwa mtu mwingine. Zile namba zenyewe zinaisha muda baada ya dakika chache, hawezi kuzitumia leo. Lakini hiyo nambari itolewe kila mahali, kwa bima, kwa SHA, kwa benki. Piga *106# uone laini gani bado ziko kwa jina la kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua peleka kwa duka la kampuni ya simu na kitambulisho. Halafu kitu kingine, kama ulizuia meseji za matangazo ama ulibloku watumaji wa ajabu ajabu, angalia usiwe umebloku na bima ndani yake.

MamaAmani_Pipeline

Alhamisi saa nne asubuhi HR alinipigia nikiwa nahesabu katoni, akaniambia jaribu sasa. Nikatoka nje karibu na geti ambapo netiwaki inashika. Nikaweka kitambulisho, nikaweka tarehe 7 mwezi wa 3, ikazunguka, meseji ikaingia kwa simu yangu hii ninayoandikia. Namba sita. Mkono ulikuwa unatetemeka nikakosea ya kwanza nikarudia.

Tuko wote wanne. Jina la mdogo liko la mwisho, tarehe yake ya kuzaliwa iko sawa, na kando yake imeandikwa hai. Nilipiga skrinishoti nikatumia baba yao. Fomu ya zile 4,300 wamepokea na wamenigongea mhuri kwa nakala yangu. SHA pia nimeingia jana jioni, Amani alikuwa hajaandikwa, nikamwandika.

Kuna baba mmoja wa upande wa mashine mtoto wake ni mmoja wa wale 14, ana pumu. Alikuja stoo leo akanishika tu mkono hakusema kitu. Nasra, Karani, asanteni sana.