Mama mtoto kahamia Ohio na mwanangu, polisi Texas wananiambia "hayo ni ya madai"

Wakuu, leo mnivumilie, naandika na hasira.

Niko Houston. Talaka yetu ilipita mahakamani na amri ninayo, ina muhuri na sahihi ya jaji. Mtoto aishi Kaunti ya Harris au kaunti zinazopakana nayo. Mimi namchukua Ijumaa ya kwanza, ya tatu na ya tano, saa 12 jioni. Anayehama amjulishe mwenzake siku 60 kabla. Yeye aliisaini hiyo karatasi, nilikuwepo.

Ijumaa ya kwanza mwezi huu nagonga mlango, kimya. Nachungulia dirishani: pazia hakuna, kochi hakuna, sakafuni kandambili moja ya bluu, ya mwanangu. Jirani ananiambia lori lilibeba vitu tangu Jumanne. Usiku inaingia meseji: "Tuko Columbus, nimepata kazi. Utakuja kumwona." Maili zaidi ya 1,000, nitakuja kumwona!

Nikaita polisi. Askari kasoma ukurasa wa kwanza tu, eti madai hayo, si jinai, tafuta wakili. Nikamtajia kifungu 25.03 cha sheria ya jinai ya Texas: kumchukua au kumshikilia mtoto huku unajua unavunja amri ya mahakama ni jinai. Akaniandikia namba ya ripoti, akaondoka zake.

Sasa hela ya matunzo. Hiyo inakatwa kwenye mshahara kabla sijaiona, haijakosea hata siku moja. Nikamwambia wakili basi niizuie, akanifokea: usithubutu, matunzo na kumwona mtoto ni vitu viwili tofauti, utafungwa wewe.

Mshenga wetu naye kanipigia kutoka Tanga: "Mwanangu vumilia, mtoto ni wa mama." Shikamoo mzee, lakini hapana.

Na nyie mnaosema akimaliza miezi 6 Ohio kesi inahamia huko, mnapotosha watu. Maadamu amri imetolewa Texas na mimi bado naishi Texas, jaji wa Ohio hana ruhusa ya kuibadilisha, labda mahakama ya Texas yenyewe iiachie kesi. Nikiisajili huko, kazi yake ni kuitekeleza. Na jaji wa hapa, akimkuta mama mtoto ameidharau mahakama, anaweza kumpa hadi miezi 6 jela na faini ya dola 500 kwa kila kosa.

Ila wakili anataka dola 5,000 mezani kwanza. Na maombi ya mahakamani lazima yataje kila tarehe na saa niliyonyimwa mtoto, kwa hiyo kaniagiza nisikose zamu yangu hata moja: niende pale pale, saa ile ile, nigonge, nipige picha.

Kesho ni Ijumaa ya tatu. Natoka kazini saa 11, naenda kugonga nyumba tupu.