Tupeane uzoefu: Mwezi mzima wa riwaya za fantasia na za kisayansi

Msomaji wa Umoja
Hamjambo wadau. Mwezi uliopita stima ilipotea mtaani kwetu jioni tatu mfululizo. Simu ikazima, nikapapasa rafuni kwa mwanga wa mshumaa, nikatoka na Kusadikika, nakala ileile ya shule, jalada limeshikiliwa na selotepu. Nikaimaliza usiku huohuo. Tangu hapo nimesoma riwaya za fantasia na za kisayansi tu, saba kwa jumla, na nne kati yake nilikuwa nimezisoma zamani.

Nikiwa kidato cha pili nilimpenda Karama, yule anayeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe uanasheria. Hotuba zake nilizikariri. Safari hii walionishika ni wale wajumbe sita: mmoja katumwa mashariki, mwingine kusini, hadi wa mbinguni na wa ardhini. Kila mmoja anarudi hoi, amebeba jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja anatiwa gerezani. Nimeajiriwa miaka kumi na mmoja sasa. Wajumbe hao nawajua kwa sura. Shaaban Robert alikitoa 1951, na mimi nilikuwa nakisoma kama kitabu cha mtihani!

Semeni na nyinyi. Mlirudia kipi, na mlikikuta vipi?

Mama Zawadi
Hapo kwa wajumbe umenigusa.

Mwalimu Mstaafu
Mada nzuri, lakini turekebishane. Kusadikika si fantasia. Ni fumbo kuhusu utawala wa kikoloni. Nimelifundisha miaka mingi na sitaki vijana walichukulie kama ngano ya kupitisha usiku.

Kijana wa Kaloleni
Mwalimu, nakuheshimu, lakini nchi inaelea angani, mjumbe anapanda mbinguni, na bado unasema si fantasia? Fumbo na fantasia vinakaa nyumba moja. Tukiendelea hivi tutaambiwa Waswahili hawana hadithi za namna hii, wakati Walenisi ya Katama Mkangi ipo tangu 1995. Dzombo anahukumiwa kufa, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, anakimudu kile chombo na kutua katika nchi ambayo jina lake ukilisoma polepole linakwambia: wale ni sisi. Mimi nilikaa maktaba ya Kaloleni Jumamosi mbili kuirudia, na Jumamosi ya pili mlinzi alikuja kunigusa bega kwamba wanafunga.

Mwalimu Mstaafu
La Walenisi nakubali. La Kusadikika bado.

Bint Majengo
Waacheni hao wavutane. Mimi mwezi wangu ulikuwa wa Dune ya Frank Herbert, ile ya 1965. Kaka yangu ilimshinda mara mbili kwa sababu ya maneno mageni; kila ukurasa anakimbilia orodha ya maana kule nyuma. Mimi nimezaliwa Pumwani, nimesoma chuo cha Kurani kabla ya shule, na wallahi sikuihitaji ile orodha. Watu wa jangwani wanamngoja mtu wanayemwita Lisan al-Gaib. Lisani si ulimi? Ghaibu si kule kusikoonekana? Kuna Mahdi, kuna Kitab al-Ibar, na ibra, yaani funzo, sote twaijua. Niliposoma mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na saba na nilifurahi tu kuyatambua. Sasa nimeona jambo jingine: yale matarajio ya watu yalipandikizwa makusudi na wageni, vizazi nyuma, ili siku moja mgeni akija apokewe. Nilifunga kitabu nikaenda kusimama mlangoni.

Otis wa Rongai
Dada, umefanya niitafute. Wachuuzi wa vitabu wa mtaa wa Tom Mboya watakuwa nayo?

Bint Majengo
Yangu niliipata hapohapo, shilingi mia mbili. Hesabu kurasa kabla hujalipa, mwishoni huwa zimenyofoka.

Otis wa Rongai
Ushauri wangu kwa anayeanza: kitabu kinene kisomee kwenye matatu. Foleni ya asubuhi peke yake inakupa kurasa ishirini.

Mama Zawadi
Otis, usinikumbushe matatu. Sikutaka kulisema hili lakini limeshanipanda kooni.

Mwaka 2019 nilikuwa natoka mjini saa tatu usiku kwenda Kayole. Nasoma Parable of the Sower ya Octavia Butler kwa taa ndogo ya dirishani. Walioisoma wanajua: watu wanaishi ndani ya ukuta, wanashika zamu usiku, na msichana Lauren ana hali ya kuhisi maumivu ya yeyote anayemwona akiumia. Abiria watatu wakainuka kwa pamoja. Bastola moja, visu viwili. Wakachukua usukani, tukazungushwa karibu saa nzima, simu na pochi zikikusanywa kwenye mfuko wa salfeti. Dereva walimpiga hapo mbele yangu. Nilikodolea kitabu macho kwa sababu sikuweza kumtazama yule baba.

Aliyefika kwangu alikuwa kijana mdogo. Akakinyakua kitabu, akakitikisa kama kuna pesa ndani. Ikaanguka risiti ya duka niliyoiweka kama alama ya ukurasa. Akaiokota, akaisoma, akairudisha ndani, kisha akanipa kitabu changu kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa mkubwa kitu. Risiti hakuirudisha kwenye ukurasa wangu. Aliiweka mbele sana.

Sikukigusa tena. Mwezi huu ndipo nimekifungua, kwa sababu mwandishi alikitoa 1993 na hadithi yake inaanza Julai 2024, na huo mwezi mimi na nyinyi tumeshaupita. Nilianza mwanzo. Risiti sikuitoa. Nimesoma ukuta ukivunjwa, nyumba zikiteketea, Lauren akishika barabara ya kaskazini kwa miguu, hadi nikaifikia pale ilipowekwa na yule kijana. Nililia, kisha nikaendelea.

Kijana wa Kaloleni
Pole sana mama. Sina neno.

Otis wa Rongai
Nisamehe. Walishikwa?

Jirani wa Donholm
Hiyo njia naijua. Usiku usipande gari lenye abiria wachache, na kaa karibu na mlango.

Bint Majengo
Karibu na mlango ndiko wanakoanzia. Kaa katikati. Na kwa sasa tusimchoshe Mama Zawadi na maswali.

Mwalimu Mstaafu
Mama Zawadi, pole mwanangu. Mtu akikatishwa kitabu namna hiyo, wengi wetu tungekichoma. Umefanya jambo kubwa kurudi.

Msomaji wa Umoja
Nimesoma kwa sauti, mke wangu akisikiliza. Anauliza kama dereva alipona.

Mama Zawadi
Alipona. Mwaka uliofuata nilipanda gari lake bila kujua. Ana kovu juu ya jicho. Alinitambua yeye kwanza, akamwambia kondakta asinitoze.

Otis wa Rongai
Mwenye Walenisi ya kuazima aniambie. Nitaitunza, na nitairudisha kabla ya mwezi kuisha.