Mjadala: Polisi waruhusiwe kudai data moja kwa moja kwa kampuni iliyo nchi nyingine?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina. Tuchukue kesi ya utapeli. Mtuhumiwa na aliyetapeliwa wako nchi moja, pesa zimetoka na kuingia humo humo, lakini barua pepe zote ziko kwenye seva ya nchi nyingine. Njia ya zamani ni serikali kuiomba serikali: barua inapita wizarani, inatafsiriwa, inamfikia mwendesha mashtaka wa huko, ndipo hakimu atoe amri. Miezi inakatika, na kumbukumbu za nani aliingia kwenye akaunti saa ngapi huenda zilishafutwa zamani.

Njia za mkato zimekuja kwa sababu hiyo. Marekani ilitunga Sheria ya CLOUD mwaka 2018, inayozibana kampuni zilizo chini ya sheria zake kutoa data hata ikiwa imehifadhiwa nje ya nchi. Wakati huo kesi ya Microsoft kugoma kutoa barua pepe zilizokuwa Dublin, Ireland, ilikuwa bado Mahakama ya Juu ya Marekani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023, iliyopangiwa kuanza kutumika 18 Agosti 2026, inaipa kampuni siku 10 kutoa data, na saa 8 kukiwa na dharura.

Mimi nasema haraka iwe kwenye kuhifadhi, siyo kwenye kukabidhi. Mkataba wa Budapest wa 2001, unaohusu uhalifu wa mtandao, tayari unaruhusu nchi kuomba data ishikiliwe isifutwe, kwa muda usiopungua siku 60, na kila mwanachama awe na kituo kinachopokea maombi usiku na mchana. Data ikishashikiliwa, hakimu wa huko aisome hoja kwa utulivu. Nani anapinga?

*

Napinga mimi. Mtu ametekwa, mtekaji anatuma ujumbe, wewe unataka hakimu atulie? Halafu mara nyingi mpelelezi hata hahitaji mazungumzo. Anataka kujua namba fulani imesajiliwa kwa nani, basi. Hilo nalo lisubiri wizara mbili?

*

Mkuu, kwa dharura ya uhai na jina la mwenye akaunti nakubali, zipite haraka. Ninachokataa ni mazungumzo ya mtu kutolewa kwa karatasi ya ofisa wa mbali. Tazama mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao, uliopitishwa na Baraza Kuu 24 Desemba 2024. Ushirikiano wa ushahidi unafika hadi kwenye kosa lolote "kubwa", yaani ambalo kifungo chake cha juu ni miaka 4 au zaidi. Na miaka inapangwa na nani? Na kila serikali kwa sheria zake. Ikiamua kuikosoa serikali ni miaka 5, tayari ni kosa kubwa. Nchi inayoombwa inaweza kukataa, sawa, lakini lazima awepo mtu wa kulisoma ombi. Kampuni yenye saa kadhaa na tishio la faini haitasoma, itatuma.

*

Mnabishana juu ya mlango, mzigo hamjauangalia. Faili likifika, nani anathibitisha halikuguswa? Nakala ya simu ikichukuliwa kitaalamu hupigiwa hesabu ya hashi papo hapo, msururu wa herufi na tarakimu. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, msururu unatoka mwingine kabisa. Hesabu hiyo iandikwe kwenye fomu ya makabidhiano pamoja na jina la kila aliyepokea, tangu kampuni hadi mahakamani. Wapo wanaoleta skrinishoti iliyochapishwa na kutaka iaminiwe hivyo hivyo!

Na upande wa utetezi je? Njia hizi zimejengwa kwa ajili ya serikali. Kanuni ya Ulaya angalau inaruhusu amri iombwe kwa niaba ya mtuhumiwa. Kwingine, wakili akijua kuna ujumbe kwenye seva ya mbali unaomsafisha mteja wake, inabidi aombe msaada kwa yule yule anayemshtaki. Mwanzisha mada, hilo hukuligusa kabisa.