Huyu "mshauri" wa Medicare nani kampa kipaza sauti?

Mwiko_wa_Chuma (mleta uzi):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mnivumilie herufi.

Simtaji, nyote mnamjua. Yule wa tai nyekundu, mwenye kadi za biashara za kutosha kuezekea nyumba na choo chake. Leo kasimama tena kueleza Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mbele ya wastaafu wetu, watu waliobeba maboksi na kuogesha wagonjwa wa nchi hii ya Marekani hadi migongo ikapinda. Mzee mmoja kauliza swali la maana kabisa: "Nimeacha kazi nina miaka 67, kazini wamenipa COBRA, yaani niendelee na bima yao kwa kujilipia, miezi 18. Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari, niingie sasa, au nisubiri COBRA iishe?"

Jamaa kashika tai. Katabasamu. "Mzee wangu, haraka haraka haina baraka."

HARAKA HARAKA HAINA BARAKA! Kwenye Sehemu B!

Nikanyoosha mkono, nikasema COBRA haihesabiwi kama bima ya kazini, ukiacha kazi saa imeshaanza, una miezi 8 tu ya kujiandikisha Sehemu B. Akanitazama kama nimemwagia chai kwenye suti: "Kaa chini, mwalimu wa Google." Ukumbi ukacheka. Feni ikacheka. Na yule mzee aliyeuliza naye akacheka, wakati yeye ndiye anayechimbiwa shimo!

Haraka haina baraka. Mtu analipwa kamisheni kwa hili. Semeni nyie, mimi nimechoka.

Kandambili_Moja:
Shikamoo mwalimu wa Google. Swali moja tu: ulikaa au hukukaa?

Bi_Mkubwa_wa_Ohio:
Mwacheni, kwa COBRA yuko sahihi. Fanyeni hesabu ya mtu kama huyo mzee. Tuseme kaacha kazi mwisho wa Septemba 2024. Miezi 8 imekwisha Mei 2025. COBRA inamfikisha Machi 2026, na dirisha la kujiandikisha la kila mwaka, la Januari hadi Machi 2026, kaliacha lipite kwa sababu "si nina bima". Aprili anaamka hana bima ya daktari. Dirisha linalofuata ni Januari 2027, bima inaanza mwezi unaofuata ule aliojiandikisha, yaani Februari. Miezi 10 anatembea pembezoni mwa ukuta asiteleze.

Halafu faini: asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Ukihesabu tangu bima ya kazi iishe hadi Januari 2027, imetimia mara mbili, kwa hiyo asilimia 20. Sehemu B mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi, faini yake kwa bei hiyo ni kama dola 40.60. Kila mwezi. Mpaka kaburini. Na bei ikipanda, faini inapanda nayo.

Mwiko_wa_Chuma:
MPAKA KABURINI! Na mtu anasema haraka haina baraka!

Kandambili_Moja:
Hujajibu. Ulikaa?

Fundi_Fomu:
Jambo lenyewe ni karatasi mbili. CMS-40B ya kuomba Sehemu B, na CMS-L564 ya kuthibitisha kwamba ulikuwa na bima ya kazini. Ya pili unajaza juu, chini anajaza mwajiri. (Fomu hiyo nayo ina kipande kinaitwa Sehemu B, ndicho cha mwajiri. Hapo watu huchanganyikiwa, wanajaza wenyewe, inarudishwa.) Zipelekwe pamoja ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii). Mwombe mwajiri aijaze kabla hujaondoka, maana ukishaondoka ofisini hakuna anayekukumbuka.

Na kampuni ikiwa na wafanyakazi chini ya 20, hata kama bado uko kazini ukifika 65, Medicare ndiyo inayotangulia kulipa. Bima ya kazini inaweza kukwambia "tulikuwa tunasubiri Sehemu B ilipe kwanza", wewe hunayo, bili ni yako.

Chungu_Meko:
Mnasahau dawa. COBRA haikuokoi kwenye Sehemu B, ila kwenye Sehemu D, ile ya dawa, inaweza kukuokoa, ikiwa barua ya bima inasema dawa zake zinalingana na kiwango cha Medicare. Hiyo barua usiitupe. Ukikaa siku 63 mfululizo bila bima ya dawa ya kiwango hicho, faini ni asilimia 1 ya bei ya msingi ya taifa (dola 38.99 mwaka 2026) kwa kila mwezi uliochelewa. Ukichelewa miezi 20 ni kama dola 7.80 kila mwezi. Ndogo, lakini nayo haifi.

Mjomba_Baridi_Minnesota:
Huyo wenu ana afadhali. Wa kwetu huku kazi yake ni moja: "Chukua Advantage, meno bure, miwani bure." Bure! Hasemi kwamba hiyo ni Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, madaktari ni wa orodha yao, na kipimo kikubwa kinasubiri kibali. Hasemi kuhusu Medigap, bima ya kuziba mapengo ya Medicare ya kawaida, kwamba miezi 6 ya kwanza tangu uwe na Sehemu B ukiwa na 65 au zaidi hawaruhusiwi kukukatalia kwa ugonjwa wowote. Ikishapita, kwenye majimbo mengi wanakuuliza sukari, wanakuuliza moyo, wanakuuliza goti, kisha wanakukataa kwa heshima zote. Aliyeanza na Advantage alipofika 65 ana miezi 12 ya kujuta, kurudi Medicare ya kawaida na kuchukua Medigap bila maswali hayo. Baada ya hapo anaimba.

Mwiko_wa_Chuma:
Ndugu, uzi ni wa haraka haina baraka, usiniletee meno.

Mjomba_Baridi_Minnesota:
Mwalimu wa Google, kaa chini.

Kandambili_Moja:
😂😂😂

Mtoto_wa_Uvira:
Bandugu, nyie mnalia dola 40? Sisi tuliokuja kama wakimbizi kuna sheria ilisainiwa tarehe 4 Julai 2025. Mkimbizi aliyemo Medicare, kama hana grini kadi wala uraia, anatolewa ifikapo Januari 2027. Hata kama alikatwa kodi ya Medicare kwenye mshahara miaka yote. Kuna wazee wana mwaka wa saba hapa, grini kadi hawajaomba, na ukishatimiza mwaka mmoja unatakiwa uombe. Fomu ni I-485. Huyo wa tai nyekundu aliisema hiyo?

Bi_Mkubwa_wa_Ohio:
Hakuisema. Na wale wanaoleta mama kutoka nyumbani: hana miaka ya kazi hapa, basi asubiri miaka 5 mfululizo na grini kadi, ndipo ainunue. Sehemu A, ile ya kulazwa hospitali, kwa asiye na pointi 30 za kazi (zinatokana na kazi uliyokatwa kodi) ni dola 565 kwa mwezi mwaka 2026. Mwenye pointi 40, au mwenza wake anazo, hailipii.

Mstaafu_wa_Pongwe:
Mimi lalamiko langu ni lingine. Nani alianza kuwaambia watu Medicare inafanya kazi Tanga? Hailipi Bombo, hailipi Muhimbili, hailipi Mombasa. Ukihamia nyumbani unaendelea kulipa dola 2,434.80 kwa mwaka (bei ya 2026) kwa Sehemu B usiyoitumia, au unaiacha na ukirudi unakuta faini inakusubiri uwanja wa ndege. Baadhi ya Medigap hulipa asilimia 80 ya dharura ndani ya siku 60 za kwanza za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, kikomo dola 50,000 maisha yako yote. Na mwenye Advantage akikaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi 6, wanamtoa.

Mwiko_wa_Chuma:
Jamani. Haraka haraka. Haina baraka. Mbele ya watu sitini.

Fundi_Fomu:
Mpeleke huyo mzee SHIP ya jimbo lenu, huduma ya ushauri wa Medicare, ushauri ni bure na hawauzi chochote. Miezi yake 8 bado?

Mwiko_wa_Chuma:
Imebaki mitatu. Nimemfuata nje, nimempa zile fomu mbili. Kaniambia atamuuliza kwanza mshauri.

Kandambili_Moja:
Daah. Ulikaa lakini?

Mwiko_wa_Chuma:
Nilikaa. Chakula kilikuwa kinapita.

Chungu_Meko:
Subiri. Chakula gani? Wakala akiuza mipango ya Advantage haruhusiwi kulisha watu mlo. Vitafunwa ruksa, mlo hapana.

Mwiko_wa_Chuma:
Sambusa. Na pilau kidogo.

Mjomba_Baridi_Minnesota:
Sambusa ni kitafunwa. Pilau ni kesi.

Mstaafu_wa_Pongwe:
Pilau bila nyama ni kitafunwa.

Bi_Mkubwa_wa_Ohio:
Pilau bila nyama ni matusi, na hayo ndiyo yangefunguliwa uzi.

Mtoto_wa_Uvira:
Kwani ilikuwa na nyama?