Chatu wa mwanangu hajala wiki ya tano sasa, nimfanyeje?

MamaWatatu, Minneapolis
Hamjambo. Mwanangu alihamia bweni la chuo akaniachia chatu wake, wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojiviringa kama mpira wakiingiwa na hofu. Ni dume wa miaka minne. Mimi nimekulia Malindi, nyoka akionekana watu huitana na fimbo, lakini huyu nimemzoea na sasa usingizi sipati. Tangu mwanzo wa Novemba hajagusa panya. Nanunua waliogandishwa, nawayeyusha kwenye friji, nawapasha kwa maji ya moto, namshikia kwa koleo. Ulimi unatoka mara mbili tatu, kisha anageuza kichwa. Mizani ya jikoni ilisema gramu 1,310 mwezi wa kumi, leo 1,265. Joto chini ya taa ni 32, upande wa pili 26. Kasha nimelihamishia sebuleni nisije nikamsahau. Mwanangu sijamwambia, ana mitihani.

Kigamboni88
Mtilie panya hai umfungie naye usiku kucha. Njaa itamfundisha.

BabaKobe, Leicester
Shikamoo mama. Hilo la panya hai usilifanye. Wangu wa kwanza niliachiwa hivyo na aliyeniuzia, panya akamtafuna mgongo mpaka misuli ikaonekana. Nyoka asiye na njaa hajitetei.

Amepungua gramu 45, haifiki hata asilimia 4. Dume mzima wa aina hii kufunga miezi miwili mitatu majira ya baridi ni kawaida kabisa. Ningeanza na sebule: televisheni, wajukuu, watu kupita. Mrudishe kule chumbani, mpe pango la kujificha kila upande, linalombana mwili hasa, usimshike kwa siku kumi. Kisha jaribu usiku, taa zimezimwa, kichwa cha panya kikiwa cha moto kuliko mwili, maana hulitafuta joto kwa vishimo vya mdomoni. Akikataa, ondoa, ngoja wiki nzima. Kumjaribu kila siku kunamzidishia woga.

Unyevu hujautaja. Huko kwenu hita inakausha nyumba. Unataka asilimia 60 hivi.

Daktari wa wanyama watambaao umwone upesi ikiwa anapumua kwa mluzi, ana mapovu mdomoni, au uzito umeshuka zaidi ya asilimia 10. Kumlisha kwa nguvu, hapana.

MamaWatatu, Minneapolis
Marahaba mwanangu. Nimenunua kipima unyevu: 27! Nimefunika nusu ya wavu wa juu, nimemwekea boksi lenye ukoka mbichi ndani, na yuko chumbani tena.

MamaWatatu, Minneapolis
Siku ya kumi na tatu. Hajala bado. Ila macho yalikuwa yameingia ukungu, na jana amejivua gamba zima, kipande kimoja, mpaka kofia za macho. Gramu 1,258. Nimempigia mwanangu, akasema mwaka juzi alifunga mpaka Februari, hakuwahi kuniambia.

BabaKobe, Leicester
Basi ndiyo sababu mojawapo, wengi hukataa chakula wakijivua. Mpe siku tatu nne, kisha mjaribu usiku. Chukua mizani kila Jumapili, uandike.

MamaWatatu, Minneapolis
Nimebandika karatasi mlangoni. Jumapili nitaleta namba.