Masta ya uongozi wa elimu ya juu Marekani: maombi yanaendaje?

Wakuu, nina shahada ya ualimu ya miaka 3, nipo ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni. Nianzie wapi? Na ada je?

Jibu 1: Anza na hiyo miaka 3. Baadhi ya vyuo vinadai 4, kwa hiyo waandikie idara kabla ya kulipia fomu, hela hairudi. Baadhi ya vyuo hutaka matokeo yatumwe na msajili mwenyewe. Huko ukituma nakala yako, faili linabaki halijakamilika.

Jibu 2: Ada ndiyo kazi yenyewe. Tafuta nafasi za kazi za wanafunzi wa masta, kwa kawaida saa 20 kwa wiki, mabwenini au ofisi ya udahili: nyingi hufuta ada yote au sehemu, na posho juu. Vyuo vingi vina fomu ya pembeni ya kazi hizo na usaili wake. Wengi hukwama hapo, wakidhani fomu ya masomo inatosha.

Jibu 3: Barua ya malengo: acha "tangu utotoni napenda elimu". Chukua tatizo moja la ofisini kwako, mfano bumu likichelewa usajili unakwama wapi, ulibadilisha nini. Mmoja wa wanaokuandikia barua ya mapendekezo awe bosi wako. Matokeo ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2 tu.