Riba kwenye Torati, Biblia na Kurani: kikoba chenye dini mchanganyiko kifuate mkopo wa aina gani?

Fundi_Cherehani (mtoa mada)
Wakuu habari za usiku. Tuna kikoba cha mafundi nguo hapa mtaani, Waislamu na Wakristo karibu nusu kwa nusu, tunakopeshana kwa asilimia kumi na ile faida tunagawana mwisho wa mwaka tukivunja. Sasa wenzetu Waislamu wameanza kusema mgao ule una riba hawautaki, na kina mama wa jumuiya nao wanauliza riba gani wakati hela imetoka kwetu inarudi kwetu? Mwenyekiti kanitupia mzigo niulizie. Mezani kuna njia nne: tuendelee hivi hivi, au tukopeshane bila faida kabisa, au kikundi kinunue kitu kimuuzie mwanachama kwa malipo ya kidogo kidogo, au kikundi kiingie ubia na mwanachama kwenye biashara yake. Halafu nimesikia hata Wayahudi wanakatazwa riba, ni kweli au stori za kijiweni?

Ustadh_wa_Tandika
Kweli kabisa, na Kurani yenyewe inawakumbusha, soma An-Nisaa 161, walichukua riba na hali walikatazwa. Kwetu suala limefungwa: Al-Baqara 275 biashara halali riba haramu, na aya ya 279 asiyeacha atangaziwe vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake, ukali huo hauoni kwenye madhambi mengi. Na Mtume (s.a.w.) kwenye hotuba ya kuaga alipofuta riba za kijahiliya, yaani za kabla ya Uislamu, alianza na ya ami yake Abbas, hakuanza na za watu baki. Kwaiyo njia ya kwanza kwa Muislamu haipo, hata kama hela inarudi kwenu, manake aliyekopa sana ndiye anayemlipia asiyekopa.

Katekista_Mstaafu
Ustadhi umesema vizuri. Mtoa mada, Torati inaligusa mara tatu: Kutoka 22:25, Walawi 25 mstari wa 35 mpaka 37, na Kumbukumbu la Torati 23:19-20. Hapo pa mwisho pana kitu watu wanaruka: ndugu usimtoze, mgeni unaweza. Ndiyo maana Ulaya ya zamani Wakristo wamekatazwa na kanisa kukopeshana kwa riba, Myahudi kafungiwa kazi nyingine nyingi, basi watu wanaenda kukopa kwake halafu wanamtukana huyo huyo. Kanisa lenyewe lilikuwa kali msidhani lilikuwa limelala, Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulipiga marufuku mapadre na mashemasi kutoza riba, Mtaguso wa tatu wa Laterani 1179 ukasema mla riba wa wazi hapewi ekaristi wala maziko ya Kikristo.

Kamau254
Sasa hapo mzee wangu ndio mimi huwa nachanganyikiwa, kama kanisa lilikuwa linanyima mtu mazishi juu ya riba mbona leo parokia nzima iko na SACCO inatoza interesti na padre ndio patroni 😂

Katekista_Mstaafu
Kamau mwanangu mambo yalilegea pole pole. Calvin, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alisema riba ya kadiri kwa mfanyabiashara si dhambi mradi maskini asikamuliwe, Uingereza mwaka 1545 sheria ya mfalme Henry VIII ikaruhusu mpaka asilimia 10, na wapo wanaojitetea kwa ule mfano wa talanta, Mathayo 25:27, bwana anamuuliza mtumwa kwa nini hukuweka fedha kwa watoa riba. Mimi huo utetezi siupendi, mfano ule haukuja kufundisha benki. Luka 6:35 iko wazi zaidi, kopesheni msitumaini kupata kitu.

Binti_Uchumi
Mimi nasoma mambo ya fedha ngoja niongezee upande ambao hamjaugusa, manake nyote mnabishana katazo wakati kichekesho kiko kwenye njia za kulizunguka. Wayahudi wana mkataba unaitwa heter iska, mabenki ya Israel wanao, ukikopa pale kidini unahesabiwa kuwa umeingia ubia na benki, nusu ya hela ni mkopo nusu ni mtaji wa biashara, ukitaka kusema umepata hasara ulete ushahidi mgumu kweli kweli, kwaiyo watu wanaona bora walipe kile kiwango kilichokubaliwa yaishe. Waislamu wana murabaha, benki inanunua gari inakuuzia kwa bei ya juu ulipe mdogo mdogo. Wakatoliki nao Italia waliweka nyumba za rehani za maskini, ya Perugia ilianza 1462, wanatoza kiasi kidogo cha kuendeshea ofisi, na wakabishana miaka mingi je hicho nacho ni riba. Ukiniuliza mimi murabaha ya mabenki mengi ni mkopo uliovaa kanzu tu.

Ustadh_wa_Tandika
Dada yangu hapo umeonea. Kwenye murabaha benki lazima imiliki ile bidhaa kwanza, ikiungua kabla hujauziwa hasara ni ya benki, na bei ikishafungwa haipandi hata ukichelewa miaka mitatu. Mkopo wa kawaida unalala unaamka deni limekua. Wapo wanaofanya makaratasi bila kushika bidhaa, nakubali, hao wanachezea dini, lakini usichome shamba zima.

Binti_Uchumi
Sawa ustadhi hiyo ya bei kutopanda nakupa. Ila mudaraba na musharaka, yaani ule ubia ambao mwenye hela naye anabeba hasara, ndizo zilitakiwa kutawala, mbona benki haziendi huko? Kwa sababu hasara hakuna anayeitaka.

Mpemba_Muscat
Asalaam alaykum. Kuna jambo moja hamulitaji. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwa bibi Aisha, mke wa Mtume, kwamba Mtume s.a.w. amefariki na deraya yake iko rehani kwa Yahudi mmoja Madina, kwa pishi thalathini za shayiri. Hebu litazameni hilo, kiongozi wa Madina nzima anaweka rehani nguo yake ya vita kwa chakula cha nyumbani, kwa mtu wa dini nyengine, na hakuna aliyemuonea mwenziwe. Biashara baina ya dini si kitu kipya basi.

Mama_Ntilie_Og
Nyie mnaongea aya, mimi niwaambie mtaani kwetu. Kausha damu wanakupa laki unarudisha laki na thelathini, ukikwama siku mbili wanakuja na bodaboda wanabeba friji, subufa, mpaka jiko la gesi la mtu anayepikia watoto. Jirani yangu fundi kama wewe mtoa mada alibebewa cherehani, sasa nikajiuliza mwenye akili gani anachukua kile kitu ambacho ndo kingemlipa 🙄 Hao kina mama wa jumuiya wanaosema asilimia kumi si kitu wakumbuke kuna watu wanaikopa huko kwenye kikoba ili wakalipe kausha damu.

Katekista_Mstaafu
Mama Ntilie hilo la cherehani liko kwenye Torati. Kumbukumbu la Torati 24:6, usichukue rehani jiwe la kusagia, maana ni kuchukua uhai wa mtu. Teremka mstari wa 10 na 11, ukienda kuchukua rehani usiingie ndani, simama nje akuletee mwenyewe. Na Kutoka 22:26, ukichukua nguo yake umrudishie kabla jua halijazama, ndiyo anayojifunika usiku. Na Nehemia sura ya 5 watu wameweka rehani mashamba mpaka watoto wao, Nehemia akawaka hasira mbele ya wakubwa, na alichowaambia warudishe pamoja na mashamba ni sehemu ya mia, wengi wanaielewa asilimia moja kwa mwezi. Moja! Nyie hapo mna kumi.

Ustadh_wa_Tandika
Allahu akbar. Na sisi Al-Baqara 280, mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike, na mkimsamehe ni bora zaidi. Ila msidhani mkopaji anaachiwa tu, aliletwa maiti mwenye deni la dinari chache Mtume akawaambia masahaba mswalieni nyie, mpaka sahaba mmoja, Abu Qatada, akasema deni lake juu yangu ndipo akamswalia.

Binti_Uchumi
Mnaona sasa? Kwenye riba yenyewe dini tatu zimepishana, Myahudi kaweka mpaka wa ndugu na mgeni, Mkristo kaanza kwa ukali kamalizia kwa kulegeza, Muislamu kabaki pale pale. Lakini kwenye namna ya kumdai mtu wote wako sawa kabisa. Mtoa mada ningekuwa mimi ningeanza na hapo kwenye katiba ya kikundi, asilimia ije baadaye. Ila bila faida kabisa nayo ina shida yake, Torati iliamuru madeni yafutwe kila mwaka wa saba, matajiri wakaacha kukopesha mwaka ukikaribia, mpaka Hillel, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi wa zamani, akatunga utaratibu wa kupeleka madeni mahakamani yasifutike ili maskini apate pa kukopa.

Fundi_Cherehani (mtoa mada)
Aisee nimenakili yote. Nimempigia mwenyekiti, tunaelekea hivi: shida za msiba na ugonjwa mkopo bila faida, mwisho laki mbili. Mashine na vitambaa kikundi kinanunua chenyewe dukani, risiti ya kikundi, tunamuuzia mwanachama kwa bei moja isiyobadilika, faida ya hapo ndio mgao. Kifungu kingine, hatubebi cherehani ya mtu. Kina mama wa jumuiya wamekubali haraka kuliko nilivyotegemea. Imebaki faini ya kuchelewa, ni elfu mbili kwa wiki, hiyo nayo ni riba?

Ustadh_wa_Tandika
Ikiingia kwenye mgao ni riba. Benki za Kiislamu nyingi faini wanaitoa sadaka, haiingii kwenye faida yao. Na mwenye dhiki ya kweli msimtoze kabisa.

Mama_Ntilie_Og
Na nani atapima dhiki ya kweli? Maana hapo kila mtu atafiwa na bibi kila mwezi 😂

Fundi_Cherehani (mtoa mada)
Mweka hazina anawajua bibi za watu wote mama yangu. Faini itakwenda kwa yatima, mwezi huu msikitini mwezi ujao kanisani, jumapili tunapiga kura.